Jina la Uongo Mlangoni

Mwanzoni mwa Mei 2020 Korea Kusini ilikuwa katika sikukuu za kufuatana, na maambukizi ya Korona yalikuwa yamepungua hadi siku nyingine hakuonekana mgonjwa mpya wa ndani ya nchi. Vijana wakafurika kwenye klabu za Itaewon, mtaa wa starehe jijini Seoul. Tarehe 6 Mei, siku ileile serikali ilipolegeza masharti, kijana mmoja aliyezunguka klabu kadhaa kwa usiku mmoja akathibitika kuwa na virusi. Kufikia mwisho wa mwezi wagonjwa waliohusishwa na mlipuko huo walizidi 240, na wengi hawakuwahi kukanyaga klabu: walikuwa jamaa, wanafunzi na wafanyakazi wenza wa waliokwenda kucheza.

Wengi husifu mitambo ya Korea ya kufuatilia watu kwa kuuzima moto ule. Mimi naona kilichofanya kazi kubwa zaidi ni kumwondolea mtu hofu ya kujitokeza. Klabu ni mahali pagumu kwa wafuatiliaji: muziki hulazimisha watu kusemezana mdomo kwa sikio, hewa haitembei, na aliyecheza na wenzake kumi huenda hajui jina la hata mmoja. Kijana mwenye virusi anaweza asijisikie vibaya kabisa, akaenda kazini kesho yake. Daftari za mlangoni zilikuwa na watu 5,517, na zaidi ya theluthi yao hawakupatikana. Wapo walioandika majina au namba za uongo. Si utundu wa ujana tu. Baadhi ya magazeti yalikuwa yametangaza kwamba klabu zile ni za wapenzi wa jinsia moja, na katika jamii ile simu ya ofisi ya afya ingeweza kumwanika mtu mbele ya wazazi na mwajiri wake.

Serikali ilikuwa na nguvu za kisheria, zilizoongezwa baada ya ugonjwa wa MERS kuua watu 38 nchini humo mwaka 2015. Jiji likapata kutoka kwa kampuni za simu orodha ya watu 10,905 ambao simu zao zilinaswa na minara ya jirani na klabu hizo. Lakini mnara haujui nani alikuwa ndani akicheza na nani alikuwa kwenye mgahawa wa pili akila tambi. Orodha hutuma ujumbe. Haimfikishi mtu kwenye kituo cha kupimia. Ndipo Seoul ikaruhusu kupimwa bila jina: unaacha namba ya simu tu, na kwenye fomu unaandikwa jina la wilaya na tarakimu. Idadi ya waliojitokeza ikapanda maradufu ndani ya siku chache.

Atakayepinga atamtaja mwalimu wa masomo ya ziada wa jiji la Incheon, mmoja wa waliokwenda klabu hizo, aliyewaficha maofisa kazi yake huku wanafunzi wake wakiambukizwa na mnyororo wa maambukizi ukafika hadi kwa dereva wa teksi. Kwamba alistahili kifungo cha miezi sita sibishi. Ila mwalimu huyo hakuwa amefichwa na utaratibu wa kutotaja jina. Aliwadanganya watu waliomjua kwa jina, na hukumu ilikuja Oktoba, miezi mitano baada ya virusi kuwafikia watoto. Kweli, uongo wake ulifichuliwa na taarifa za simu yake, na hapo mitambo inastahili sifa. Vilevile ujumbe wa simu na kupimwa bila jina vilikwenda pamoja, hata kuvitenganisha ni vigumu. Lakini ujumbe peke yake, kwa anayeogopa kujulikana, ni sababu nyingine ya kuzima simu.

Wakorea wenyewe walilielewa hilo. Juni 2020 walipoweka msimbo wa kuskani mlangoni badala ya daftari, waligawa taarifa sehemu mbili: jina la mteja likahifadhiwa pengine, mahali alipoingia pengine, zikaunganishwa tu mlipuko ukitokea, na zote zikafutwa baada ya wiki nne.