MARADHI YA SUKARI HAYATEMBEI PEKE YAKE

Katika sehemu zetu za mpakani, tangu Busia mpaka Tororo, mtu akiambiwa na daktari kwamba ana maradhi ya sukari, jambo la kwanza alifanyalo ni kuacha kutia sukari katika chai. Akisha kufanya hivyo hudhani kwamba kazi imekwisha. Kuacha sukari ya chai ni jambo jema, lakini halitoshi. Maradhi haya yana mwenzi wake asemwaye kwa nadra, nao ni ugonjwa wa moyo na mishipa ya damu. Huyo mwenzi ndiye awauaye wagonjwa wa sukari wengi kuliko sukari yenyewe. Nia ya makala haya ni kueleza jinsi wawili hawa wanavyofuatana, na jinsi mgonjwa awezavyo kuishi nao miaka mingi bila kushindwa.

Kwanza yafaa tufahamu maradhi yenyewe. Ugali, mihogo, viazi, wali na mkate hugeuzwa na mwili kuwa sukari, nayo huingia katika damu ili kutupa nguvu. Lakini sukari hiyo haiwezi kutoka katika damu na kuingia katika nyama ya mwili mpaka ifunguliwe mlango. Ufunguo ni insulini, itengenezwayo na kongosho, kiungo kilichojificha nyuma ya tumbo. Wako watu, hasa watoto na vijana, ambao miili yao imekoma kutengeneza insulini. Hao hawana budi kudungwa sindano kila siku. Wengine, nao ndio wengi zaidi, wanayo insulini, lakini mwili hauitii kama zamani. Unene, kukaa kitako mchana kutwa, umri mkubwa na kuzaliwa katika ukoo wenye maradhi haya ndiyo mambo yaletayo aina hii ya pili.

Zamani mtoto aliyepata aina ya kwanza alikuwa amekwisha hukumiwa kufa. Mwaka 1921, katika mji wa Toronto nchini Kanada, Frederick Banting na Charles Best waliweza kuitoa insulini katika kongosho la mbwa. Mwezi wa Januari 1922 mvulana mmoja wa miaka 14, Leonard Thompson, alidungwa dawa hiyo, naye akawa mgonjwa wa kwanza kutibiwa kwayo. Wanafunzi wakumbuke kwamba alikuwa rika lao.

Sasa tuutazame moyo. Mishipa ya damu ina utando laini ndani yake, na damu hupita juu ya utando huo bila kizuizi. Sukari ikizidi katika damu mwaka baada ya mwaka, huuharibu utando huo polepole. Pale palipoharibika, mafuta ya damu hupata mahali pa kushika; mshipa huwa mwembamba kwa ndani, tena mgumu. Nguvu ya damu ikiwa kubwa pia, yaani mtu akiwa na presha, mshipa huumizwa mara mbili. Mwisho damu huganda mahali pembamba na kuziba njia. Ikiziba katika moyo, sehemu ya moyo hufa; ikiziba katika ubongo, mtu hupatwa na kiharusi; ikiziba mguuni, kidonda hukataa kupona. Kwa sababu hiyo mwenye maradhi ya sukari yuko katika hatari ya ugonjwa wa moyo mara mbili, au hata zaidi, kuliko mtu asiye nayo.

Tena liko jambo la kutisha zaidi. Sukari huharibu pia mishipa ya fahamu, ile ituleteayo habari za maumivu. Mtu mwingine moyo wake ukishikwa husikia kifua kinabanwa kama kwa mzigo, na maumivu kwenda mkononi au tayani. Mgonjwa wa sukari aweza asisikie maumivu hayo hata kidogo. Atakosa pumzi tu, au atatokwa na jasho baridi, au kichefuchefu, au uchovu wa ghafula usio na sababu. Watu wa nyumbani watasema ni malaria, wamlaze apumzike, kumbe moyo unakufa. Basi mwenye sukari akipatwa na mambo hayo, apelekwe hospitali saa ile ile.

Wako wasemao kwamba maradhi haya ni ya wazungu na ya matajiri wa mijini. Zamani maneno hayo yalikaribia kuwa kweli. Mwaka 1929 daktari mmoja, C. P. Donnison, aliyefanya kazi Kavirondo Kusini nchini Kenya, alitoa habari za watu 1,000 aliowapima nguvu ya damu. Aliona kwamba presha yao haikupanda kwa uzee kama ilivyopanda kwa watu wa Ulaya. Daktari Hugh Trowell, aliyefanya kazi miaka mingi katika hospitali ya Mulago, Kampala, naye aliona ugonjwa wa mishipa ya moyo kuwa jambo adimu sana kwa Waafrika. Hata mwaka 1956 mgonjwa mmoja tu alistahili kuandikiwa makala katika jarida la madaktari wa Afrika Mashariki.

Leo mambo yamegeuka. Katika uchunguzi wa serikali uliofanywa Uganda mwaka 2014 na Kenya mwaka 2015, karibu mtu mzima mmoja katika kila wanne alionekana ana presha. Na huko Kenya, zaidi ya nusu ya watu wazima walisema hawajapata kupimwa presha tangu kuzaliwa. Damu yetu ni ile ile ya babu zetu. Kilichobadilika ni maisha yetu.

Ushahidi wa mabadiliko hayo tunao hapa hapa mpakani. Husimuliwa kwamba neno boda-boda, lijulikanalo sasa Afrika Mashariki yote, lilizaliwa huku katika miaka ya 1960, vijana walipokuwa wakiwapakia watu kwenye baiskeli na kuwavusha nafasi iliyo kati ya kituo cha Kenya na kituo cha Uganda. Kazi hiyo ilikuwa ya miguu. Kijana aliyekanyaga pedali tangu alfajiri mpaka magharibi aliitumia sukari yote ya ugali wake. Siku hizi pikipiki zimeshika mahali pa baiskeli nyingi, na petroli ndiyo ifanyayo kazi ya miguu. Mwendeshaji amekaa, abiria amekaa, na dereva wa lori angojaye zamu yake Malaba naye amekaa, mkononi ana soda na chapati. Chakula kimeongezeka utamu na mafuta, na jasho limepungua.

Basi, mgonjwa afanye nini? Jambo la kwanza ni kujua hesabu zake. Sukari ya damu ikipimwa asubuhi kabla ya kula, ikiwa 7.0 au zaidi na kipimo kikarudiwa kikaonyesha hivyo hivyo, hayo ni maradhi ya sukari. Kiko pia kipimo kionyeshacho wastani wa sukari kwa miezi miwili au mitatu iliyopita. Wagonjwa wengi hushauriwa wakiweke chini ya asilimia 7. Mtu aweza kufunga siku mbili ili amridhishe daktari, lakini kipimo hiki hakidanganyiki. Presha ifikapo 140 juu au 90 chini imezidi, na mwenye sukari mara nyingi hutakiwa ashuke chini ya hapo. Na mafuta ya damu pia yapimwe. Hesabu hizi tatu, yaani sukari, presha na mafuta, ni kama mafiga matatu: ukiondoa moja, chungu hupinduka.

Jambo la pili ni chakula. Watu wengi wa kwetu huamini kwamba ugali wa wimbi na mihogo, kwa kuwa ni mweusi, hauna sukari. Hili si kweli. Wimbi usiokobolewa ni bora kuliko unga mweupe wa mahindi, lakini nao hugeuka sukari tumboni, na mlima wa ugali ni mlima tu, uwe mweusi au mweupe. Kipimo kizuri ni hiki: nusu ya sahani iwe mboga, kama kunde, mrenda au sukuma wiki, robo iwe ugali, na robo iliyobaki iwe maharagwe, samaki, au zile omena ambazo ndugu zetu wa Uganda huziita mukene. Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai. Mafuta ya kukaangia yapunguzwe. Matunda yaliwe yenyewe, kwa kiasi, wala yasigeuzwe maji ya matunda.

Jambo la tatu ni kutumia miguu. Nusu saa ya kutembea kwa haraka, siku tano katika juma, hushusha sukari na presha kwa pamoja. Mtu aendaye sokoni na arudiye kwa miguu anakula dawa isiyouzwa dukani. Mgonjwa avae viatu vinavyomtosha, na kila usiku aikague miguu yake, kwa maana aweza kuchomwa na mwiba asijue. Sigara iachwe kabisa, maana huifunga mishipa ile ile. Na wale waketio kuzunguka chungu cha pombe ya wimbi na mirija yao, wajue kwamba pombe pamoja na dawa ya sukari huweza kuishusha sukari ghafula na kumwangusha mtu.

Jambo la nne ni dawa. Maradhi haya hayaponi kama malaria, hivyo dawa haziachwi siku mtu ajisikiapo vizuri. Amejisikia vizuri kwa sababu anazinywa. Mara nyingi daktari humpa mgonjwa dawa ya presha, na wengi waliopita miaka 40 huongezewa statini za kupunguza mafuta ya damu, hata kama sukari yao imetulia. Wako wanaouliza, “Mimi naumwa sukari, dawa ya moyo ni ya nini?” Jibu ni kwamba hiyo ndiyo itakayomlinda na yule mwenzi tuliyemtaja.

Kwa wakazi wa mpakani neno hili ni la lazima: mtu aweza kutibiwa Tororo mwezi huu, na mwezi ujao biashara ikampeleka Busia ya Kenya. Basi asiseme, “Nilipewa vidonge vyeupe.” Vidonge vyeupe ni vingi. Abebe kadi au daftari lake, na jina halisi la dawa liandikwe humo pamoja na kipimo chake. Anayetumia insulini naye, kama hana jokofu, aiweke chupa katika chombo kilichofungwa vizuri, ndani ya chungu cha udongo kilicholoweshwa maji, mahali penye kivuli. Joto la mchana huiua nguvu ya dawa hiyo.

Tena jamaa wajue dalili za sukari kushuka mno: kutetemeka, jasho, njaa kali na kusema maneno yasiyoeleweka. Kama mgonjwa aweza kumeza, apewe upesi vijiko vitatu vya chai vya sukari katika maji. Kama amezimia asitiwe kitu kinywani, bali akimbizwe hospitali.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa maradhi haya huonekana mapema kwa kipimo cha dakika chache. Tangu mwaka 2013, katika uchunguzi uitwao SEARCH, uliofanywa katika jumuiya 32 za mashambani huko Kenya na Uganda, watu walikusanyika karibu na nyumbani kwao wakapimwa presha na sukari pamoja na virusi vya UKIMWI, kwa siku ile ile. Jambo hilo laonyesha kwamba kupima watu wengi si kazi isiyowezekana hata mbali na miji.

Kwa hiyo wazee wetu mliosoma shule hii zamani, ninyi mliofika miaka 40 na kuipita, msingoje kiu na kukojoa usiku ndipo mwende kupimwa. Nanyi wanafunzi, mwendapo likizo, waulizeni baba na mama, na babu na bibi, kama hesabu zao tatu wanazijua. Wasipozijua, wasindikizeni hospitali, tena kwa miguu kama si mbali.