Shaba yapanda bei, nyundo za Lubumbashi zapoa

Mwaka 2023 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo ilizalisha zaidi ya tani milioni 2 za shaba, nyingi zikitoka ukanda wa Katanga. Mafundi wa Lubumbashi wanaofua picha za shaba hawajanufaika. Shaba hiyo huondoka ikiwa kathodi, mabamba mazito yasiyomfaa mtu wa nyundo na tindo. Yeye anataka bati jembamba la shaba, na bati hilo hufuata bei ya soko la metali la London: Machi 2020 tani ya shaba ilishuka chini ya dola 5,000, Mei 2024 ikavuka 11,000.

Mfanyabiashara mmoja wa picha hizo, aliyeomba jina lake lihifadhiwe, anasema bati hulilipia kwa dola, taslimu. Picha ya tembo au ya wanawake wakitwanga hukaa dukani miezi, kisha mteja huja kubembeleza bei kwa faranga. Akikimbilia shaba chakavu, askari humtaka karatasi, maana wizi wa nyaya za umeme umemfanya kila mwenye shaba ashukiwe. Malori ya migodi, analalamika, yanapita tu kwenda Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Yeye na kilo zake chache ndiye anayesimamishwa. (Malori nayo husota kwenye foleni ya mpakani, lakini uchungu wake unaeleweka.)

Baadhi ya mafundi wamekimbilia bati jembamba zaidi, na hapo ndipo kazi inapoharibika. Umbo husukumwa kutoka nyuma, bati likiwa limelazwa juu ya lami, kisha hugeuzwa na mistari kukazwa kwa mbele. Kila pigo huigumisha shaba, hivyo hurudishwa motoni ilainike. Bati jembamba mno likisukumwa sana hupasuka. Fundi mwoga wa hasara huacha sura zikiwa bapa.

Ofisa mmoja wa masuala ya sanaa anasisitiza kuwa sekta inakua. Alipoulizwa inakua kwa kiasi gani, alijibu kwa kueleza mipango ya mafunzo. Idadi ya karakana hakuwa nayo.

Bei ya shaba ikishuka, bati huenda likapatikana kwa nafuu. Ila wageni wa migodini, ambao ni wanunuzi wazuri, nao huenda wakafunga virago.

Anayenunua leo aigeuze picha kwanza. Nyuma pawe na alama za nyundo zisizolingana, na bati lisibonyee kwa kidole gumba.