Kijana wa Flashi na Neno Mwizi

"Nikuwekee za zamani au kali za sasa, anko?" Kijana wa kibandani, pembeni mwa Soko la Kariakoo, aliuliza bila kunitazama. Nikasema changanya. Shilingi elfu mbili, flashi inajazwa mpaka ishibe. Hakuna hata senti inayomfikia aliyeimba, na mimi nalijua hilo.

Nyimbo zikiwa bado zinaingia, ukelele ukapasua mtaa: "Mwizi! Mwizi huyo!" Dada mmoja kanyakuliwa simu. Kijana wangu alikuwa wa kwanza kuruka benchi, kashika kipande cha ubao.

Wasanii wetu nao huwaita watu wa flashi wezi, na Kiswahili hakiwanyimi neno. Tunaiba kura, tunaiba mtihani, mtu huibiwa hata mume, ingawa mume huyo katoka nyumbani kwa miguu yake. Sheria ndiyo bahili. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, katika vifungu vya 257 na 258, inazungumzia kitu kinachohamishika, kinachotwaliwa kwa hila. Dada wa watu sasa hana simu. Mwenye wimbo, ukinakiliwa mara elfu, wimbo bado anao.

Marekani hoja hii ilifika Mahakama ya Juu mwaka 1985. Paul Dowling na wenzake walitengeneza santuri za Elvis Presley bila ruhusa, wakazisambaza kwa maelfu. Wakashitakiwa, pamoja na mengine, kwa kusafirisha mali ya wizi toka jimbo moja hadi jingine. Majaji sita kati ya tisa walilikataa shitaka hilo. Jaji Harry Blackmun aliandika kwamba anayekiuka hakimiliki haishiki mkononi hakimiliki yenyewe, wala hamnyimi kabisa mwenyewe kuitumia. Dowling hakwenda huru lakini. Hatia ya kukiuka hakimiliki ilibaki pale pale.

Mimi niko na Blackmun, na si kwa kuwaonea huruma wenye vibanda. Mtaani kwetu neno mwizi lina tairi na petroli ndani yake. Sitaki kulitupa hovyo. Tena halitoshi. Anachopokonywa msanii ni kauli juu ya kazi yake: aseme uza au usiuze, na kwa bei gani. Simu huibwa mara moja ikaisha, ila flashi huzaa flashi, na ya tatu haijui hata ilikotoka. Ndiyo maana ikatungwa sheria yake, ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayomlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Simu gani hulindwa hivyo?

Kijana alirudi akihema, ubao bado mkononi. Mwizi kawaponyoka, kaingia kwenye daladala.

"Watu hawana utu kabisa," alisema, akichomoa flashi yangu. "Haya, tayari, anko. Nimekuongezea na muvi mbili, hizo bure."