Amri Isipotee Umeme Ukikatika

Muhula uliopita sisi wa Kidato cha Nne, hapa Sumbawanga, tulitunga programu ya kuchukua alama zetu za majaribio kutoka katika tovuti. Tovuti hiyo hutoa amri iitwayo HSTS, iliyofanywa kanuni mwaka 2012: kwa sekunde 31,536,000, yaani mwaka mzima, mtu asiijie ila kwa HTTPS, njia iliyofungwa. Programu ilitii, hata ikasahihisha anwani niliyoiandika kwa uzembe, ya http tupu.

Lakini amri ile niliiweka katika kumbukumbu ya muda tu. Siku moja ya mvua, na mvua za Ufipa mnazijua, umeme ulikatika. Tulipowasha tena, programu ilikwisha sahau. Ikapita njia ya wazi na neno letu la siri. Mwenzetu aliyekuwa akiuchungulia mtandao ule akalisoma kwa sauti mbele ya darasa. Niliona haya sana.

Sasa amri huandikwa katika faili, kama programu ya curl ifanyavyo tangu mwaka 2020: jina la tovuti, na tarehe ya mwisho wa amri. Tarehe, si sekunde. Maana mwanzoni niliandika sekunde, na kila tulipowasha kompyuta mwaka ulianza upya.