Kilimi cha Klarineti na Siku Zake za Kwanza

Sauti ya klarineti huzaliwa katika kipande cha tete ambacho ncha yake ina unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita. Kipande hicho, yaani kilimi, hufungwa kwenye mdomo wa ala, na kikipulizwa hutikisika. Noti inayotumika kulinganishia ala ina mitikisiko 440 kwa sekunde; katika dakika kumi kilimi huwa kimetikisika mara 264,000.

Tete hilo ni Arundo donax, mmea wa jamii ya nyasi, na lisifiwalo sana hutoka Var, kusini mwa Ufaransa. Ndani yake mna mirija iliyopitisha maji mmea ulipokuwa hai. Kilimi kikilowa, kuta za seli hunywa maji tena. Huvimba na kulegea, wala si kwa kiasi kimoja kila mahali. Ndiyo maana ncha ya kilimi kipya aghalabu hujikunja mawimbi kama karatasi iliyorowa. Sukari ya mmea nayo huyeyuka na kutoka, hata kilimi cha siku ya tatu kisiwe tena kile cha siku ya kwanza.

Kwa sababu hiyo mpigaji mwangalifu hakiharakishi. Siku ya kwanza hukilowesha dakika moja au mbili, akakipiga dakika tano kwa nguvu ya wastani, akakifuta na kukilaza juu ya kioo bapa. Kila siku huongeza muda kidogo. Mgongo wa kilimi ukipinda, hewa huvuja na ala hupiga yowe. Kukiacha kwenye ala usiku kucha ni kukialikia ukungu. (Wapo wanaosifu dawa za siri, subira hufanya kazi kubwa zaidi.)

Anayetumia kilimi kimoja tu hupatwa na hasara asiyoiona. Kilimi hudhoofika polepole, na midomo hukizoea udhaifu wake. Siku kinapopasuka, pengine asubuhi ya tamasha la shule, kipya huwa kigumu kama ubao. Mwenye vilimi vinne vilivyotiwa namba kwa penseli, akavipiga kwa zamu, hukipa kila kimoja siku tatu za kukauka hadi ndani. Na kimoja kikifa, vitatu anavyovifahamu vimebaki.

Shule isiyo na klarineti yaweza kuliona jambo hili kwa kibanzi cha tete la mtoni. Kipimwe kikavu kwenye mizani ya maabara, kiloweshwe dakika mbili, kisha kipimwe kila saa hadi uzito wa awali urejee.