Siku ya kwanza ugenini: Karatasi inayomfuata mtu wa Masisi maisha yake yote

Kivu Kaskazini. Mtu anayetoka Masisi au Walikale akavuka mpaka wa Bunagana na kuingia Uganda hupoteza saa moja papo hapo. Upande wa Congo ikiwa saa tatu asubuhi, upande wa pili tayari ni saa nne. Magari aliyozoea kuyaona yakipita kulia sasa yanapita kushoto. Mwanamume aliyeitwa "papa" tangu alipopata mtoto wa kwanza sasa anaitwa "ssebo", na "mama" amekuwa "nnyabo". Pikipiki ya abiria, ambayo kwao ni "moto", hapa ni "boda boda". Bugali umegeuka posho.

Hayo ni madogo, na mtu huyazoea ndani ya wiki. Jambo kubwa la siku hiyo ni jingine. Ni maswali machache anayoulizwa akiwa amechoka, ana njaa na pengine hajui watoto wake wengine wako wapi. Jina lako nani? Ulizaliwa lini? Umetoka kijiji gani? Uko na nani? Majibu yake yanaandikwa, na kilichoandikwa siku hiyo kitamfuata miaka kumi, ishirini, hata kwa wajukuu.

Watu wa Masisi wanalijua hilo kuliko wengi, kwa sababu historia ya eneo lao imejaa siku za kwanza za namna hiyo. Kuna waliofika hapo wakiwa wageni, kuna waliotoka hapo wakawa wageni kwingine, na kuna familia zilizopitia yote mawili.

Safari kabla ya mpaka

Mji wa Masisi ulitekwa na waasi wa M23 mapema Januari 2025. Kabla ya hapo, mwishoni mwa Aprili 2024, walikuwa wameshaichukua Rubaya, mji wa machimbo ya koltani. Goma ilifuata Januari 27, 2025, na Machi 19 mwaka huohuo wakaingia Walikale, kisha wakaondoka mwanzoni mwa Aprili. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanasema Rwanda inawaunga mkono waasi hao. Rwanda inakanusha.

Kwa raia, tarehe hizo ni tarehe za kufunga mzigo. Wengi hawavuki mpaka wowote. Hukimbilia kijiji cha jirani, kwa ndugu, kwenye shule au kanisa, na mapigano yakihama nao huhama. Mtu wa Walikale yuko mbali zaidi na mpaka, kwa hiyo mara nyingi hujificha msituni au hushika barabara ya kwenda Kisangani. Anayeamua kwenda Uganda anapaswa kuvuka Masisi na Rutshuru yote, kwa miguu, kwa moto au juu ya lori la mizigo, akipita vizuizi vya watu wenye silaha.

Ndiyo maana anayefika Bunagana si mtu aliyeondoka nyumbani jana. Mara nyingi ameshahama mara mbili au tatu ndani ya nchi yake, na kila alipohama alipunguza mzigo. Godoro liliachwa mahali fulani, mbuzi aliuzwa kwa bei ya kutupa, sufuria alipewa mwenyeji. Vyeti, kama vilikuwapo, vilibaki chini ya kitanda au viliungua pamoja na nyumba.

Tatizo la hati lina mzizi wake. Kwa miaka mingi Wacongo hawakuwa na kitambulisho cha taifa mkononi, hivyo kadi ya mpiga kura ndiyo iliyotumika kama kitambulisho. Uandikishaji wa mwaka 2023 ulipofika, sehemu kubwa ya Masisi na Rutshuru haikuandikishwa kwa sababu ya vita, na wakazi wa maeneo hayo hawakupiga kura katika uchaguzi wa Desemba 20 mwaka huo. Kwa hiyo vita viliwanyima kura na kadi kwa pamoja. Baadhi wanafika mpakani na kadi kuukuu iliyofutika picha. Wengine hawana kitu isipokuwa mdomo wao.

Meza ya Nyakabande

Kutoka mpakani, wanaoomba hifadhi hupelekwa kwenye kituo cha mapokezi cha Nyakabande, wilaya ya Kisoro. Kituo kinasimamiwa na Ofisi ya Waziri Mkuu wa Uganda, pamoja na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, na mashirika mengine. Hapo mtu hupata chakula cha moto, mara nyingi posho na maharage. Hupimwa afya na watoto huchanjwa. Analala chini ya paa lenye watu wengi, na siku ambazo mapigano yamechacha, nafasi haitoshi.

Lugha nayo ina mambo yake. Wenyeji wa Kisoro huzungumza Kifumbira, ambacho kinasikika karibu sawa na Kinyarwanda. Anayezungumza Kinyarwanda nyumbani kwao Masisi anaelewana nao mara moja. Muhunde wa Masisi au Munyanga wa Walikale hana njia hiyo, hivyo hutegemea Kiswahili, na Kiswahili chake cha Congo hukutana na afisa ambaye huenda alikijifunza ukubwani. Congo iliingia rasmi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na mwaka huohuo baraza la mawaziri la Uganda likaidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi. Kwenye makaratasi, mtu huyu amehama ndani ya jumuiya moja yenye lugha moja. Mezani, neno moja likisikika vibaya linaandikwa vibaya.

Jina ndilo la kwanza kuharibika. Mcongo huwa na jina la ukoo, jina la pili na la ubatizo, na wakati mwingine hakuna hata moja analochangia na baba yake. Karani aliyezoea majina mawili huacha moja. Kijiji nacho huandikwa kwa tahajia ya aliyesikia. Asiyejua tarehe yake ya kuzaliwa huandikiwa Januari 1 ya mwaka unaokisiwa, ndiyo maana ukipita katika makazi ya wakimbizi utakuta watu wengi ajabu waliozaliwa Mwaka Mpya.

Baada ya hapo, mabasi huwapeleka kwenye makazi kama Nakivale, Kyaka II, Rwamwanja au Kyangwali. Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na kutembea nchini, na familia inayopelekwa kwenye makazi hupewa kipande cha ardhi cha kujenga na kulima. Vipande hivyo vimekuwa vikipungua kadiri watu wanavyoongezeka, maana Uganda sasa inahifadhi zaidi ya wakimbizi milioni 1.7, idadi kubwa kuliko nchi nyingine yoyote ya Afrika. Chakula cha msaada nacho kimepunguzwa kwa sababu ya uhaba wa fedha.

Masisi ilipokuwa ugenini

Rudi nyuma hadi mwaka 1937. Wakati huo Wabelgiji walitawala Congo na Rwanda pia. Rwanda ilikuwa imepitia njaa kali na ardhi yake ilikuwa imejaa watu. Kivu ilikuwa na vilima vya baridi vilivyofaa kwa mashamba ya walowezi na ng'ombe, lakini walowezi walilalamika kwamba vibarua hawatoshi. Serikali ya kikoloni ikaanzisha mpango wa kuhamisha familia kutoka Rwanda na kuzipeleka Masisi, kwanza katika eneo la Gishari. Mpango huo uliendelea kwa vipindi hadi mwaka 1955, na makadirio ya wanahistoria yanafikia watu wapatao 85,000.

Familia hizo nazo zilikuwa na siku yao ya kwanza. Zilifika kwenye vilima vya watu wengine, zikaonyeshwa viwanja na watawala ambao wenyeji hawakuwa wamewachagua. Wahunde, waliokuwa na machifu wao na mipaka yao ya ardhi, waliona sehemu ya nchi yao ikikatwa na kupewa utawala mwingine. Mgeni hakuchagua mahali pa kupelekwa, na mwenyeji hakuchagua kumpokea. Chuki iliyokuja baadaye ilianzia hapo, kwenye uamuzi uliofanywa na mtu wa tatu.

Kisha siku ya kufika ikageuka kuwa suala la sheria. Mwaka 1972, Zaire ilitoa uraia kwa watu wenye asili ya Rwanda na Burundi waliokuwa wamekaa Kivu kabla ya Januari 1, 1950. Aliyeletwa na Wabelgiji mwaka 1948 alikuwa raia. Aliyeletwa na Wabelgiji haohao mwaka 1951, pengine mdogo wake wa tumbo moja, hakuwamo. Mwaka 1981 sheria hiyo ikafutwa, na uraia ukafungwa kwa wale ambao mababu zao walikuwamo nchini mwaka 1885. Mwaka 2004 ikabadilishwa tena, safari hii kipimo kikawa makabila yaliyokuwamo nchini wakati wa uhuru wa mwaka 1960.

Katikati ya mabadiliko hayo watu waliuawa. Machi 1993, mauaji yalianzia soko la Ntoto, Walikale, yakasambaa Masisi. Maelfu walikufa wa pande zote, Wahunde, Wanyanga na Wanyarwanda, na vijiji viliungua.

Zamu ya kukimbia

Mwaka 1995 na 1996, Watutsi wengi wa Masisi, wakiwamo wajukuu wa waliofika Gishari, walivuka kwenda Rwanda. Kwao hiyo haikuwa kurudi nyumbani. Walifika kama wakimbizi wa Congo katika nchi ambayo babu zao waliiacha. Kambi ya Mudende ilishambuliwa mara mbili mwaka 1997, Agosti na Desemba, na mamia wakauawa. Walionusurika walihamishiwa Gihembe, karibu na Byumba. Wengine walikuwa Kiziba, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996. Gihembe ilifungwa mwaka 2021 na watu wake kupelekwa Mahama. Mtoto aliyezaliwa Gihembe mwaka 1998 alikuwa mtu mzima wakati huo, akiwa na kadi inayosema anatoka Masisi, mahali ambapo hajawahi kukanyaga.

Kwa wengi wa kizazi hicho, matumaini yalikuwa kuhamishiwa nchi ya tatu. Marekani ilipokea Wacongo wengi katika miaka ya 2010 na baadaye, na katika mwaka wake wa fedha wa 2024 Congo ndiyo iliyoongoza kwa idadi ya wakimbizi waliopokelewa huko. Huko nako kulikuwa na siku ya kwanza: mfuko mweupe wa IOM wenye hati, mwenyeji aliyesubiri uwanja wa ndege, nyumba yenye jiko la umeme, na deni la nauli la kulipa taratibu.

Lakini njia ya kufika huko ilipita kwenye mahojiano, na mahojiano hulinganisha kila jibu na lile la siku ya kwanza. Umri ukipishana, au mtoto akiwa hakuandikwa, faili husimama.

Kisha njia yenyewe ikafungwa. Amri ya Rais Donald Trump ya kusimamisha upokeaji wa wakimbizi ilianza kutumika Januari 27, 2025, siku ileile M23 walipotangaza kuichukua Goma.

Cha kufanya siku hiyo

Hakuna ajuaye kesho itamkuta upande gani wa mpaka. Kwa anayelazimika kuvuka, au mwenye ndugu njiani, yapo mambo machache ya kushika.

Kuandikishwa ni bure, na huduma za UNHCR hazilipiwi. Anayedai fedha ili aharakishe jina ni tapeli.

Taja jina lako kamili na uombe usomewe kilichoandikwa. Kosa linalorekebishwa mezani huchukua dakika moja, lakini likishaingia kwenye kompyuta linaweza kuchukua miaka.

Mtaje kila mtoto, hata aliyepotea njiani au aliyebaki kwa bibi. Asiyetajwa siku ya kwanza ni vigumu kumwingiza baadaye. Ukiwa umepotezana na ndugu, waulize Msalaba Mwekundu, ambao kazi yao mojawapo ni kutafuta waliopotezana.

Piga picha hati zako ungali nyumbani na umtumie ndugu aliye mbali. Karatasi huungua, lakini picha iliyo kwenye simu ya mtu mwingine hubaki. Na mtoto anayezaliwa ugenini aandikishwe mapema, kwa maana asiye na cheti ndiye atakayeulizwa kesho ni wa wapi.

Swali hilo bado liko mbele. Mkataba uliotiwa saini na Congo na Rwanda mjini Washington Juni 27, 2025 unazungumzia kurejea kwa wakimbizi. Siku watakapoanza kurudi Masisi, kutakuwa na meza nyingine na karani mwingine, na maswali yatakuwa yaleyale: jina, kijiji, baba, babu. Kuna watakaorudi na kukuta shamba linalimwa na mwingine ambaye naye alikimbia kutoka kilima cha tatu. Wote wawili watatoa karatasi mfukoni, na kitakachosomwa hapo ni kile kilichoandikwa siku walipofika ugenini.