Weusi Unaoashiria Uzima: Chembe za Oksidi ya Chuma katika Picha za Mwangwi wa Sumaku

1.0 Utangulizi

Kitu anachodungwa mgonjwa ili picha ya ndani ya mwili wake isomeke vizuri huweza kuitwa "dawa" au "rangi". Majina hayo yanapotosha, hasa kitu hicho kinapokuwa oksidi ya chuma. Makala haya yanaeleza utendaji wa chembe za oksidi hiyo, na kuonyesha kwa nini istilahi "kitofautishi" inaafiki zaidi.

2.0 Utendaji wa Chembe

Mashine ya mwangwi wa sumaku haitumii eksirei. Hupokea ishara za protoni za haidrojeni, ambazo nyingi zimo katika maji na mafuta ya mwili. Protoni hizo, zikiwa ndani ya uga wenye nguvu wa sumaku, huchochewa kwa mawimbi ya redio, kisha hutoa ishara inayofifia. Tofauti za kasi ya kufifia huzaa tofauti za weupe na weusi pichani.

Kiini cha chembe ni magnetaiti au maghemaiti chenye kipenyo cha nanomita chache. Kiini hicho huvikwa dekstrani, ambayo ni jamii ya sukari, ili chembe zisigandamane. Kwa udogo wake, kiini huwa sumaku kali ndani ya uga wa mashine, na usumaku huo hutoweka uga unapoondolewa. Chembe huvuruga uga ulio jirani; protoni za maji ya hapo hupoteza ulinganifu, ishara yao hufifia upesi, na mahali hapo huwa peusi. Kwa hiyo kinachoonekana si chuma chenyewe, bali ni athari yake juu ya maji.

3.0 Mfano wa Ini

Chembe zikiingia mshipani, nyingi humezwa na seli za Kupffer, ambazo ni walinzi wa ini. Ini zima huwa jeusi. Uvimbe wa saratani uliosambaa kutoka kiungo kingine hauna seli hizo, hivyo hubaki mweupe. Hapa weusi ndio dalili ya uzima. Anayedhani kwamba "rangi" hujikusanya penye ugonjwa ataisoma picha kinyume.

4.0 Dawa au Kitofautishi?

Ferumoksidi iliidhinishwa nchini Marekani mwaka 1996 kwa picha za ini, lakini baadaye iliondolewa sokoni. Mwaka 2006, gadolini, kitofautishi kilichoenea zaidi, ilihusishwa na ugonjwa wa kukakamaa kwa ngozi na viungo miongoni mwa watu wenye figo zilizodhoofika sana. Mwaka 2009 ferumoksitoli, ambayo pia ni oksidi ya chuma, iliidhinishwa huko huko Marekani kutibu upungufu wa damu wa wagonjwa wa figo. Wataalamu wameitumia pia katika picha, kwa kuwa chuma chake hatimaye huingia katika akiba ya mwili. Haikosi hatari: mwaka 2015 onyo kuhusu mzio wake, unaoweza kuua, lilikazwa.

5.0 Hitimisho

Kitu kimoja, basi, ni dawa wodini na kitofautishi katika chumba cha picha. Istilahi haina budi kufuata kazi inayotendwa na kitu, wala si umbo lake au sindano inayokiingiza mwilini. Jina lisilozingatia hilo humkosesha mwanafunzi maana ya picha iliyo mbele yake.